Aibu ya Mshitaki Haimtakasi Mshitakiwa

Kila serikali inaposhutumiwa kwa kuwatesa raia wake, jibu huwa tayari hata kabla shutuma haijamalizika kusomwa. Jibu lenyewe ni swali: "Na nyinyi je?" Mwingereza akisema, hukumbushwa makoloni. Mmarekani akisema, hukumbushwa watumwa na Vietnam. Mrusi akisema, hukumbushwa kambi za Siberia. Mwafrika akisema, huambiwa arudi kwao akafagie uwanja wake kwanza. Mkutano unapofungwa kila mjumbe amekwisha kuvuliwa nguo mbele ya wenziwe, na yule mfungwa ambaye habari zake ndizo zilizouitisha bado yumo kizuizini, wala hakuna anayemtaja tena.

Hoja hii ina mashabiki wengi, na wengine ni watu wema. Imo katika ofisi za serikali, ambako mtumishi aliyeagizwa kuandaa majibu huona ni rahisi zaidi kukusanya madhambi ya mshitaki kuliko kuichunguza tuhuma. Imo katika vyumba vya walimu, ambako taarifa ya habari kutoka Ulaya hupokewa kwa kicheko cha uchungu. Kwa watu waliotawaliwa na wageni, hoja hiyo ina utamu wa pekee: hatimaye bwana wa jana naye anahojiwa. Utamu huo ndio unaoifanya hoja ipite bila kukaguliwa. Hapana budi ikaguliwe.

METHALI ILIYOSOMWA NUSU

Watetezi wake hukimbilia hekima ya wahenga: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali ni ya kweli, lakini husomwa nusu. Inamlaumu nyani kwa upofu wake juu ya nafsi yake mwenyewe. Haidai hata mara moja kwamba macho yake yanamdanganya anapomtazama mwenziwe. Kundu la mwenziwe lipo, na liko pale pale alipolionyesha. Wahenga walitunga methali hiyo ili nyani ajitazame; hawakuitunga ili msitu mzima ufumbe macho.

Yako maswali mawili ambayo lazima yatenganishwe. La kwanza: je, tuhuma ni ya kweli? La pili: je, mshitaki anastahili heshima? Swali la kwanza hujibiwa kwa ushahidi, yaani majina, tarehe, makaburi na maneno ya walionusurika. Swali la pili hujibiwa kwa historia ya mshitaki. Anayelijibu la pili ili kulikwepa la kwanza anafanya hila. Mwizi wa kuku akipiga yowe usiku kwamba nyumba ya jirani inaungua, wanakijiji hawakai kitako kumhoji juu ya kuku. Huchota maji. Kesi ya kuku ipo, na itasikilizwa asubuhi. Lakini haizimi moto.

KAMA WASAFI TU NDIO WASEME

Historia ya Umoja wa Mataifa yenyewe inatoa somo. Mwaka 1945, huko San Francisco, Jan Smuts, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, alishiriki katika kuandika dibaji ya Mkataba wa umoja huo, yenye maneno mazito juu ya haki na utu wa binadamu. Mwaka uliofuata serikali yake ilipitisha sheria ya kuwabana raia wenye asili ya Kiasia katika kumiliki ardhi na mahali pa kuishi. India ikapeleka malalamiko mbele ya Baraza Kuu. Majibu ya Afrika Kusini yalikuwa yale yale yanayosikika hadi leo: kwanza, haya ni mambo yetu ya ndani, pili, India ni nani hata ituhukumu? Je, haina matabaka? Hawamo nchini humo mamilioni ya watu wanaohesabiwa kuwa najisi tangu kuzaliwa? Wahindu na Waislamu hawauani mitaani?

Yote hayo yalikuwa kweli. Mauaji ya Calcutta yalikuwa yametokea mwezi Agosti mwaka huo huo wa 1946. Hata hivyo, tarehe 8 Desemba 1946, Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuitaka Afrika Kusini iheshimu wajibu wake, kwa kura 32 dhidi ya 15, huku nchi saba zikijizuia. Dhambi ya tabaka haikumrudishia Mwasia wa Durban hata robo eka ya ardhi. Na India, baada ya kusimama mbele ya dunia na kudai usawa wa watu wake walioko ng'ambo, ilibanwa na maneno yake yenyewe. Katiba yake ya mwaka 1950, katika kifungu cha 17, ilipiga marufuku desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi. Desturi haikufa kwa kifungu kimoja. Lakini tangu siku hiyo anayeonewa India anayo sheria ya kuishika mkononi.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwaka 1947 Waamerika Weusi, wakiongozwa katika kazi hiyo na msomi W.E.B. Du Bois, waliupelekea Umoja wa Mataifa malalamiko marefu juu ya kunyongwa, kubaguliwa na kunyimwa kura. Umoja wa Kisovieti ulitaka malalamiko hayo yajadiliwe. Serikali ya Marekani ikapinga. Mwezi Septemba 1957, watoto tisa Weusi walipozuiwa kwa mitutu ya bunduki kuingia katika shule moja ya Little Rock, magazeti ya Moscow yalizitangaza habari hizo kwa shangwe. Ni Moscow ile ile ambayo miezi kumi tu kabla ya hapo vifaru vyake viliingia Budapest na kuwaponda Wahungaria.

Je, Warusi walikuwa na haki ya kusema? Kwa kipimo cha usafi, hawakuwa nayo. Lakini aulizwe mmoja wa watoto wale tisa kama angependa dunia inyamaze mpaka Urusi itakate. Wakuu wa Marekani wenyewe walikiri kwamba shutuma za nje ziliwabana. Mwezi Desemba 1952 serikali yao iliandika katika Mahakama Kuu, katika kesi ya ubaguzi wa shule, kwamba ubaguzi huo unaichafua nchi mbele ya mataifa. Hukumu ya mwaka 1954 ikaubatilisha. Mapambano ya watu Weusi wenyewe ndiyo yaliyoleta hukumu hiyo, na hakuna anayeweza kuwapokonya sifa yake. Lakini kelele za adui mnafiki zilikuwa upepo katika tanga lao. Vivyo hivyo kwa upande wa pili: Yuri Orlov, mwanasayansi aliyeanzisha mwaka 1976 kikundi cha kulinda haki za binadamu huko Moscow, na akafungwa kwa ajili hiyo, hakuwa na sababu ya kukataa kutetewa na Wamarekani eti kwa kuwa Mississippi nako kulikuwa na dhuluma.

Na Sharpeville? Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa makaburu waliwaua Waafrika 69 waliokuwa wakipinga sheria za pasi. Tarehe 1 Aprili Baraza la Usalama lilipitisha azimio juu ya mauaji hayo kwa kura tisa. Uingereza na Ufaransa zikajizuia. Wakati huo azimio lilihitaji kura saba. Miongoni mwa waliopiga kura za ndiyo walikuwamo Marekani, ambayo majimboni mwake kusini wanafunzi Weusi walikuwa wakikamatwa kwa kosa la kukaa katika hoteli za Wazungu. Umoja wa Kisovieti na Poland, ambako mpinzani wa serikali hakuwa na pa kusemea. Na serikali ya Chiang Kai-shek, iliyoitawala Taiwan kwa sheria ya kijeshi. Waondolewe hao wanne kwa sababu ya madoa yao, kura zinabaki tano. Azimio linaanguka. Nani angefurahi? Bila shaka si wajane wa Sharpeville.

Hiyo ndiyo tija halisi ya kanuni ya wasafi tu. Kwa kuwa hakuna dola lililo safi, kanuni hiyo inaamuru ukimya wa wote. Na ukimya wa wote una mfaidi mmoja tu: mwenye bunduki.

KAMPALA, 1975

Afrika iliujaribu ukimya huo, na gharama yake inajulikana. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu zake njema, kwani mataifa machanga yalihofia mikono ya wakoloni waliokuwa wakirudi kwa mlango wa nyuma. Lakini Idi Amin, aliyenyakua madaraka tarehe 25 Januari 1971, aliigeuza kuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikamatwa mahakamani mwezi Septemba 1972 asionekane tena. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane ya Amin yanatofautiana, kuanzia watu 80,000 hadi 300,000 na zaidi.

Mwezi Julai 1975 wakuu wa Afrika walialikwa Kampala, na Amin akakabidhiwa uenyekiti wa umoja wao. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Serikali ya Tanzania ilieleza wazi sababu zake: kwamba Afrika inalia dhuluma inapotendwa na Mzungu, na inanyamaza inapotendwa na Mwafrika, kana kwamba rangi ya muuaji inapunguza uchungu wa aliyeuawa.

Waliotaka kumnusuru Amin walikuwa na majibu yao. Tanzania nayo, walisema, ina Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, inayoruhusu mtu kufungwa bila kufikishwa mahakamani. Tanzania inamhifadhi Obote, kwa hiyo inatetea rafiki. Tanzania inawahamishia watu vijijini, na mahali pengine kwa nguvu na kwa kuchoma nyumba. Mwandishi mwaminifu wa historia hawezi kukanusha hata moja kati ya hayo. Sheria ilikuwapo, na ilitumika. Obote alikuwa mgeni wa Dar es Salaam. Katika baadhi ya mikoa operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliendeshwa kwa mabavu. Lakini likusanywe lote hilo na kuwekwa kwenye meza, kisha liulizwe swali moja: je, kwa hayo yote, Kiwanuka amefufuka?

Wanaopenda kufananisha madoa wautazame mwaka 1977. Huku Tanzania ilikuwa imegundulika kwamba katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watuhumiwa wa mauaji waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Ilikuwa aibu kubwa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye mkono wake haukumgusa mtu, alijiuzulu ili kubeba wajibu. Huko Uganda, mwezi Februari mwaka huo huo, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikautangazia ulimwengu kwamba walikufa katika ajali ya gari. Nchi zote mbili zilikuwa na damu. Moja ilikiri na kuwajibishana. Nyingine ilitunga ajali. Asemaye kwamba nchi hizo ni sawa kwa kuwa zote zina doa, hajui kupima.

MKUKI KWA NGURUWE

Haya yasichukuliwe kuwa cheti cha kuwasafisha wakubwa wa Magharibi. Unafiki wao ni mkubwa, na uwekwe wazi. Uingereza iliitambua serikali ya Amin mapema, ikampokea London mwaka 1971 kwa heshima zote, na haikuvunja uhusiano mpaka mwaka 1976. Makampuni ya Marekani yaliendelea kununua kahawa ya Uganda, na fedha hizo zikawanunulia askari wa Amin starehe zao, mpaka Bunge la nchi hiyo lilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1978. Serikali hizo hizo zilikuwa na sauti kubwa juu ya haki za binadamu palipotawala adui yao, na sauti ya chini, au hazikuwa na sauti kabisa, palipotawala rafiki yao. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Lakini kosa lao liitwe kwa jina lake. Kosa la London na Washington halikuwa kusema juu ya Amin. Kosa lao lilikuwa kuchelewa kusema, na kusema kwa kuchagua. Dawa ya anayesema kwa kuchagua ni kumlazimisha aseme pote. Kumtaka anyamaze pote ni kumzawadia.

Ndiyo maana mshitaki mwenye doa, ingawa ana haki ya kusema, anabeba madeni mawili. Deni la kwanza ni kukubali kuulizwa lile lile analouliza. Deni la pili, lililo zito zaidi, ni kutumia mizani ile ile kwa rafiki.

Katika deni la kwanza Afrika imepiga hatua inayostahili kutajwa. Mwaka 1979, Amin akiwa amekwisha kuangushwa, wakuu wa Afrika walikutana Monrovia. Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingiza majeshi Uganda. Hata hivyo, mkutano huo huo uliamua kwamba uandaliwe mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Ukapitishwa Nairobi mwaka 1981, na viongozi ambao wengi wao walikuwa na wafungwa wasiohukumiwa, ukaanza kutumika mwaka 1986. Mwaka 2000 sheria ya kuunda Umoja wa Afrika iliupa umoja huo haki ya kuingilia kati palipo na mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Kilichosemwa na nchi chache mwaka 1975, na kikaitwa utovu wa adabu, kimekuwa sheria ya bara zima.

Na hapa nchini? Sauti ya mwaka 1975 ilirudi nyumbani kama mwangwi. Nchi iliyomhukumu jirani haikuweza milele kukosa Hati ya Haki. Hati hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia mwaka 1988. Mwaka 1992 Tume ya Jaji Nyalali ilizitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kuweka watu kizuizini ilikuwamo. Deni hilo halilipwi likaisha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lake lililowaruhusu wananchi na mashirika kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Jirani akiuliza kwa nini mwenye nyumba amewafungia watoto wake mlango wa baraza iliyo uani mwake, ajibiwe kwa sababu. Asijibiwe kwa orodha ya makosa yake.

Deni la pili halikulipwa vizuri. Amin alipoondoka, Obote alirudi madarakani kwa uchaguzi wa mwaka 1980. Katika vita vilivyofuata, eneo la Luwero liligeuka makaburi ya maelfu ya raia, na majeshi ya serikali yalishutumiwa kwa mauaji hayo. Ukali ule wa mwaka 1975 haukusikika tena kutoka Dar es Salaam kwa kiwango kile kile. Obote alikuwa rafiki. Mkulima wa Luwero hakujua tofauti kati ya risasi ya adui wa Tanzania na risasi ya rafiki wa Tanzania. Hapo ndipo hoja ya wapinzani ilipopata nguvu ambayo haikuwa nayo mwanzo. Waliosema Tanzania inatetea marafiki walikuwa wamekosea juu ya Kiwanuka na Luwum. Kwa ukimya juu ya Luwero, walipewa ushahidi wasiokuwa nao. Taifa hupoteza sauti yake pale linapoipima damu kwa urafiki, kuliko hata linapokuwa na doa.

KAZI YA WALIMU NA WATUMISHI

Tangu mwaka 2008 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa, kubwa kwa ndogo, hupangiwa zamu ya kuhojiwa na wenzake huko Geneva juu ya haki za binadamu. Aliyehojiwa leo ndiye mhoji wa kesho. Utaratibu huo una udhaifu mwingi, na marafiki husifiana humo bila haya. Lakini msingi wake ni sahihi: hakuna anayesubiri kutakata ndipo aseme, na hakuna anayesema bila kuulizwa.

Kwa hiyo mtumishi wa serikali anayeletewa tuhuma mezani ajue kwamba kazi yake ya kwanza ni kuuliza kama ni kweli. Kama si kweli, aikanushe kwa ushahidi. Kama ni kweli, hakuna ukurasa wa madhambi ya Uingereza wala Marekani utakaoifanya iwe uongo. Majibu yaliyojaa dhambi za wengine ni ungamo la mtu asiyetaka kuungama.

Naye mwalimu, mwanafunzi atakapomwuliza kwa nini nchi iliyokuwa na sheria ya kizuizini ilithubutu kumhukumu Amin, asimnyamazishe, wala asiifiche sheria hiyo. Amfundishe yote mawili, doa na sauti, na jinsi sauti ilivyosaidia kulifua doa, na mahali iliponyamaza ilipopaswa kusikika. Kisha amwulize mwanafunzi swali ambalo wakuu wengi waliokaa Kampala mwaka 1975 hawakutaka kuulizwa: kama ungekuwa wewe katika seli ile, ungemkagua mikono yule anayegonga mlango kabla ya kumwita akufungulie?